Filamu ya katuni ya upelelezi ndani ya dojo: mtoto asiyejua karate atamtambuaje mwizi?

Mwalimu wa Sanaa, Uyole (Mbeya)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninasimamia kikundi cha vijana wachoraji hapa Uyole, na tangu mvua zilipokatika tumekuwa tukiandaa filamu fupi ya katuni ambayo tungependa itazamwe na familia nzima, bibi akiwa upande mmoja wa kochi na mjukuu wa darasa la pili upande wa pili. Ni hadithi ya upelelezi inayotokea ndani ya dojo, yaani ukumbi wa mazoezi wa klabu ya karate. Nitaieleza kwa ufupi, kisha nitalileta swali lililotugawa, kwa kuwa naamini humu wamo watu wa karate, watu wa katuni na wasomaji wa hadithi za upelelezi wanaoyajua mambo haya kuliko sisi.

Klabu yetu ya kubuni ipo Mbeya mjini, katika ukumbi mkongwe unaoutazama mlima Loleza. Mwalimu aliyeianzisha amekwisha kufariki, na mkanda wake mweusi umehifadhiwa katika sanduku la mbao mbele ya ukumbi. Usiku wa kuamkia wiki ya mashindano mkanda huo unatoweka. Mlinzi anaapa kwamba aliyeingia hakuwa mtu bali mzimu wa marehemu mwalimu, umevaa suti nyeupe ya karate na kujifunika uso, na kwamba alipojaribu kuuzuia uligeuka, ukasimama kimapigano, ukamwangusha kwa pigo moja. (Mlinzi haumii, tumemwangushia juu ya magunia ya maharage.) Wazazi wanaanza kuwaondoa watoto wao klabuni. Tusekile, msichana wa miaka 11, na mdogo wake Ambokile mwenye miaka 8 wanaamua kulichunguza jambo hilo wenyewe. Washukiwa ni wanne: msaidizi wa mwalimu, mfadhili wa mashindano, fundi aliyekarabati paa, na kocha wa klabu pinzani.

Katika rasimu yetu, usiku wa tatu mzimu unarudi, unapigana tena, na Tusekile anamtambua aliye nyuma ya kitambaa kwa namna anavyosimama. Hapo ndipo tulipogawanyika. Nusu ya vijana wanasema huo ndio uzuri wa kuchanganya upelelezi na karate, kwamba pigano lenyewe linakuwa ushahidi badala ya kuwa mapambo ya kuchangamsha watazamaji. Nusu nyingine wanasema tunamdanganya mtazamaji, kwa sababu mtoto wa Mwanjelwa au Tunduma ambaye hajawahi kukanyaga dojo hawezi kutofautisha msimamo mmoja na mwingine, hivyo Tusekile atakuwa anajua kitu ambacho mtazamaji hakupewa nafasi ya kukijua. Ninaomba kusikia kwanza iwapo ni kweli kwamba mtu wa karate hutambulika hata akificha uso, na kama ni kweli, ni kwa njia gani jambo hilo linaweza kuchorwa likaonekana na kila mtu bila mhusika yeyote kusimama na kutoa somo.

Sensei wa Gangilonga (Iringa)

Kamwene, Mwalimu. Nimefundisha karate hapa Iringa kwa muda mrefu, na jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo, ila kwa masharti ambayo hadithi yako haina budi kuyaheshimu.

Kinachoonekana upesi zaidi ni shule aliyotoka mtu, kabla hajajulikana ni nani. Karate ilikulia Okinawa, na walimu wake waliiendeleza kwa njia tofauti. Gichin Funakoshi, aliyeipeleka Tokyo mwaka 1922, ndiye ambaye mtindo wa Shotokan unahesabiwa kuwa umetokana naye, na mwanafunzi wa Shotokan utamjua kwa msimamo mrefu na wa chini unaoitwa zenkutsu-dachi, ambamo goti la mbele limekunjwa, mguu wa nyuma umenyooka, na umbali kati ya miguu unakaribia mara mbili ya upana wa mabega. Mtindo wa Goju-ryu, ulioasisiwa na Chojun Miyagi, unaanzia kwenye sanchin, msimamo mfupi ambao vidole vya miguu vinaelekea ndani kidogo na mwili mzima umekazwa kama mtu aliyesimama ndani ya mtumbwi. Mtu aliyefundishwa tangu utotoni kwa njia moja hawezi kuiacha kwa siku mbili, na hasa akishtuka. Ndiyo maana nasema kwamba pigano la kushtukiza, kama lile la mlinzi, linafichua zaidi kuliko pigano ambalo mwizi amejiandaa kwalo.

Lakini tazama shida iliyopo. Msaidizi wa mwalimu na wanafunzi wote wa klabu hiyo wametoka shule moja, kwa hiyo msimamo utamwondolea lawama fundi wa paa na mfadhili, pengine na kocha wa klabu pinzani iwapo anafundisha mtindo mwingine, na hautakufikisha mbali zaidi ya hapo. Mtu binafsi hutambulika kwa makosa yake. Yupo anayeinua bega kabla ya kurusha ngumi, yupo ambaye kisigino cha nyuma kinabanduka kutoka sakafuni, na yupo anayesahau kuurudisha mkono wa pili kiunoni. Mwalimu mzuri anaweza kukuambia jina la mwanafunzi wake kwa kumtazama mgongoni akifanya kata, yaani ule mfululizo wa mapigo ambao mtu huufanya peke yake bila mpinzani. Katika mapigano ya wawili kila mtu anarukaruka na tofauti hizo zinamezwa, bali katika kata hakuna pa kujificha, na ndiyo maana katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, kata ilishindaniwa peke yake na kuhukumiwa kwa macho. Ningekuwa mimi ningemfanya mzimu afanye kata gizani, akidhani yuko peke yake.

Jambo moja la pembeni kuhusu huo mkanda. Vijana wengi huuchora mkanda mweusi ukiwa unang'aa, lakini mkanda uliovaliwa miaka mingi huchakaa kwenye mikunjo, kitambaa cheusi kinalika, na pamba nyeupe ya ndani inaanza kuonekana. Mkanda wa mwalimu mkongwe unakaribia kurudi kuwa mweupe, na unaacha nyuzi mahali unapowekwa. Mpelelezi makini hawezi kulipuuza hilo.

Mchoraji wa Mafinga

Nimefanya kazi ya katuni za matangazo na za mafunzo kwa muda, na ningependa kuileta mezani hesabu kabla hamjaenda mbali. Filamu huenda kwa fremu 24 kila sekunde. Mkichora picha moja kwa kila fremu mbili, kama wafanyavyo wengi, mtahitaji michoro 12 kwa sekunde, ambayo ni 720 kwa dakika moja. Sijui mmepanga urefu gani, lakini dakika 20 ni michoro 14,400, na dakika 8 ni 5,760. Chagueni dakika 8. Hadithi yenu yenye washukiwa wanne inaingia humo bila kubanwa mkipunguza mazungumzo, na hata mshukiwa mmoja mkimtoa hatakumbukwa. Mimi ningemtoa mfadhili, kwa maana mfadhili mwenye suti na miwani ameshakuwa mwizi katika kila filamu ya aina hii na watoto watamshuku kabla hajafungua mdomo.

Sasa nirudi kwenye swali. Nakubaliana na nusu ya pili ya vijana wako, lakini kwa sababu nyingine. Aliyoyataja Sensei, yaani bega kuinuka na kisigino kubanduka, ni mambo ya kweli ambayo kwenye karatasi yatapotea. Mtazamaji wa katuni anatazama nyuso kwanza, kisha mikono, na miguu huiangalia mwisho kama ataiangalia kabisa. Zaidi ya hayo kuna hatari ambayo nimeiona katika kazi nyingi za vikundi vidogo. Kwa kubana muda mchoraji hutengeneza mwendo mmoja wa kutembea na mwendo mmoja wa kupigana, kisha huuvika wahusika wote kwa kubadilisha kichwa na nguo. Katika filamu ya kawaida hakuna anayejali. Katika filamu yenu kufanya hivyo ni kuufuta ushahidi wenyewe, kwa sababu mwizi atasimama sawasawa na mlinzi, na mlinzi sawasawa na bibi anayeuza ndizi nje ya ukumbi. Kila mshukiwa lazima awe na mwili wake tangu mara ya kwanza anapoonekana. Kuna jaribio rahisi la kulihakiki hilo: mpakeni kila mhusika rangi nyeusi tupu mpaka abaki kivuli, kisha mwiteni mtoto yeyote wa jirani amtaje. Akishindwa, chora upya.

Kuhusu namna ya kukipanda kidokezo, kanuni ninayoifuata ni kwamba kitu cha muhimu kionekane mara tatu, na mara ya kwanza kiwe ndani ya kichekesho. Mtoto akicheka hajui kwamba amepewa ushahidi. Mara ya pili kionekane katikati ya shughuli ya kawaida ya mazoezi, bila kukaziwa. Mara ya tatu kionekane kwa mwizi. Na katika hizo mara tatu mwoneshe mwili mzima, kutoka utosi hadi vidole vya miguu, bila kukatiza kwenda kwenye uso wa Tusekile akiwa ametumbua macho, maana uso huo ni sawa na kumnong'oneza mtazamaji jibu. Karate inawapa bahati kubwa hapa, kwa kuwa kila pigo huishia kwenye kituo. Mchoro mmoja unaweza kukaa kwenye kioo nusu sekunde nzima bila mtu kuona kwamba mmebana matumizi. Watengenezaji wa katuni za televisheni nchini Japani wamekuwa wakiutumia ujanja wa picha zinazotulia tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na watazamaji wakauzoea hadi wakaupenda.

Kwa programu, Krita na OpenToonz hupatikana bure na zinatosha kabisa kwa michoro bapa, mradi kompyuta isiwe ya kizee sana.

Ninachokihitaji kutoka kwa Sensei ni kitu kikubwa zaidi ya bega. Nipe jambo moja ambalo mwili mzima unalifanya, linaloonekana kwa mtoto aliyekaa mbali na televisheni, na ambalo watu wote wa dojo hulifanya kwa namna moja isipokuwa mmoja.

Mkanda wa Kahawia (zamani Mbeya, sasa Makambako)

Sina mengi. Niliacha karate nilipoanza kazi, lakini mpaka leo nikiingia kwenye ukumbi wowote mtupu wenye sakafu safi, mwili wangu unataka kuinama mlangoni. Mzimu wenu unaingia kuiba. Je, mmemwonesha akivuka mlango? Mtu aliyelelewa dojo atavua viatu na kuinama hata akiwa amekuja kufanya uovu, kwa sababu hainami kwa kufikiri. Mtoto asiyejua chochote kuhusu karate atakuwa ameshawaona wanafunzi wakiinama mlangoni asubuhi, na usiku akimwona mzimu anafanya vivyo hivyo atajiuliza kwa nini marehemu awe na adabu namna hiyo. Fundi wa paa anaondoka kwenye orodha palepale, kwani kila siku tumemwona akipita na buti zake.

Mama wa Fasihi, Tukuyu

Mwalimu, nimefurahi kuona vijana wetu wanajaribu hadithi ya upelelezi, kwa maana ni fani ambayo Kiswahili kimekuwa nayo tangu zamani. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimleta mpelelezi wake Bwana Msa katika shindano la uandishi la mwaka 1958, na hadithi ile ya kwanza ilihusu jambo linalofanana sana na lenu, yaani mauaji yanayojificha nyuma ya hofu ya watu kwa mzimu. Nalitaja kwa sababu kuna funzo la kiufundi pale ambalo rasimu yenu bado haijalifuata. Bwana Msa hatoshelezwi na kumshuku mtu. Anataka mambo mawili au matatu yaliyotoka pande tofauti yakutane kwa mtu mmoja.

Tusekile akisema "ninakujua kwa unavyosimama," mtu mzima yeyote atamjibu kwamba ameota. Kuinama mlangoni, kama alivyosema Mkanda wa Kahawia, kunatuambia kwamba mwizi ni mtu wa dojo. Namna ya mwili, mkiipata, itatuambia ni nani. Nyuzi za pamba nyeupe alizozitaja Sensei zinaweza kutuambia mkanda uko wapi sasa. Ambokile, ambaye kwa umri wake yuko karibu zaidi na sakafu kuliko wote, ndiye anayefaa kuziona nyuzi hizo, kwa sababu mpaka sasa katika maelezo yako sijaona kazi yake ni nini zaidi ya kumfuata dada yake. Msimnyime ushahidi wake. Na kila watakachokiona watoto hawa wawili, mtazamaji akione wakati uleule. Hilo ndilo agano kati ya mtunzi wa hadithi ya upelelezi na msomaji wake, na likivunjwa hata mtoto wa miaka 6 ataona ameonewa ingawa hatajua kulieleza.

Nina wasiwasi na mwisho. Hujasema mwizi ni nani, lakini kwa jinsi ulivyompanga msaidizi wa kwanza kwenye orodha nadhani ni yeye, na nadhani mmechagua vizuri. Swali ni kwa nini alichukua. Filamu nyingi za familia humwacha mwizi awe mwovu kwa sababu ya fedha, anavuliwa kitambaa, anafoka, anapelekwa polisi, na watoto wanakula keki. Mkanda mchakavu hauna bei sokoni. Mtu anayeuiba anautaka kwa sababu nyingine, na sababu hiyo ndiyo itakayomfanya bibi aliyeko kwenye kochi aweke kikombe chake chini na kutazama. Pengine marehemu alimwahidi kwamba utakuwa wake, na baada ya mazishi familia na kamati wakaamua uwekwe kwenye sanduku bila kumuuliza. Hakuiba kwa macho yake, alichukua chake. Hapo Tusekile anapata mtihani mgumu kuliko wa kumtambua.

Na msimfanye msichana wa miaka 11 ampige mtu mzima akaanguka. Sipingi mapigano katika filamu ya watoto, nimelea wavulana watatu na nimeona magongo ya mihindi yakigeuzwa silaha bila msaada wa televisheni. Ninachopinga ni uongo. Msichana huyo amshinde kwa kumfanya afanye jambo ambalo mwili wake hauwezi kulikataa. Kabla ya kuionesha hadharani mtaipeleka Bodi ya Filamu, ambayo kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1976 ndiyo yenye kazi ya kukagua filamu, na hadithi ambayo mtoto anashinda kwa akili haiwezi kuwaletea taabu huko.

Mwalimu wa Sanaa, Uyole (Mbeya)

Nawashukuru sana, na hasa Mama wa Fasihi, ambaye amemkisia mwizi wetu kwa kusoma orodha tu, jambo linaloonesha kwamba orodha ipangwe upya. Ni kweli ni msaidizi. Mfadhili tumemtoa jana jioni, na vijana hawakumlilia. Kuinama mlangoni tumekupokea bila mjadala.

Kilichobaki ni ombi la Mchoraji wa Mafinga, ambalo ndilo kiini cha swali langu la mwanzo. Niongeze habari moja ambayo sikuitaja: katika rasimu, msaidizi aliwahi kuumia goti la kushoto zamani, na ndiyo sababu hashindani tena. Tulimfanya achechemee, kisha tukaona kwamba kuchechemea ni kidokezo cha wazi mno, kwani mtoto akimwona mzimu anachechemea atapiga kelele jina la mwizi katika dakika ya pili. Tukakifuta. Sensei, je, goti bovu linaweza kujionesha kwa njia nyingine ndani ya dojo?

Sensei wa Gangilonga (Iringa)

Ungelitaja goti mapema, Mwalimu, nisingehangaika na mabega.

Kila kipindi cha karate huanza na kumalizika kwa wanafunzi kupiga magoti katika safu moja, wakikalia visigino vyao. Kushuka huko kuna utaratibu. Goti la kushoto hutangulia kufika sakafuni, kisha la kulia. Na wakati wa kusimama mguu wa kulia ndio unaotangulia kukanyaga. Walimu wengi huueleza utaratibu huo kwa desturi ya samurai, ambaye upanga wake ulikaa ubavu wa kushoto na ambaye hakutaka kukutwa katika hali isiyomruhusu kuuchomoa. Mwanafunzi hufundishwa jambo hili siku ya kwanza kabisa, kabla ya ngumi, na baada ya mwezi mmoja hulifanya bila kujua. Mtu ambaye goti lake la kushoto halimudu kuubeba mwili akishuka atatanguliza la kulia. Hachechemei, anatembea vizuri kabisa, anapigana vizuri, na bado katika safu ya watu kumi na wawili wanaoshuka kwa pamoja, yeye peke yake anashuka upande wa pili. Nimewahi kuwa na mwanafunzi wa namna hiyo na ukimtazama kutoka mbele huwezi kumkosa, ni kama jino moja lililopinda katika kinywa kilichonyooka.

Sasa sanduku lenu la mbao. Liwekeni chini, mbele ya ukumbi, mahali ambapo mtu hawezi kulifungua bila kupiga magoti. Mzimu unaingia, unainama mlangoni, unalifikia sanduku na kushuka. Goti la kulia linatangulia. Basi. Na pale mwisho, Mama wa Fasihi akitaka msichana ashinde bila kumpiga mtu, Tusekile hana haja ya kupigana. Atoe tu amri ya kupiga magoti kwa sauti ile inayotumika kila siku mwanzoni mwa kipindi, mbele ya washukiwa wote, na miili yao itajibu kabla ya vichwa vyao.

Mchoraji wa Mafinga

Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta. Na kwa upande wa kazi ni nafuu sana, kwa sababu safu ya wanafunzi wanaoshuka inahitaji mwendo mmoja tu uliochorwa vizuri na kunakiliwa mara kumi na moja, na hapa kufanana kwao kunakuwa sehemu ya hadithi badala ya kuwa uvivu. Msaidizi mnaweza kumpata kwa kuugeuza mwendo uleule kama kwenye kioo, kushoto iwe kulia, kisha kumbadilisha kichwa. Kazi ya dakika chache.

Sensei wa Gangilonga (Iringa)

Samahani, usiugeuze. Suti ya karate hufungwa upande wa kushoto ukiwa juu ya upande wa kulia, kwa wanaume na wanawake vilevile. Ukiugeuza mchoro, shingo ya nguo itakaa kulia juu ya kushoto, na hivyo ndivyo Wajapani wanavyomvika maiti. Kila mtu wa karate atakayeitazama filamu hiyo ataona kwamba mmemvalisha mwalimu msaidizi sanda. Chora miguu kwa kuigeuza ukipenda, lakini kifua kichorwe upya.

Mwalimu wa Sanaa, Uyole (Mbeya)

Sensei, kifua cha msaidizi tutakichora upya, lakini cha mzimu hatutakigusa. Nimewasomea vijana maelezo yako leo mchana na kabla sijamaliza kijana mdogo kuliko wote akasema kwamba mtu anayetaka kudhaniwa kuwa ni marehemu angevaa hivyo makusudi, kulia juu ya kushoto, na kwamba angefanya hivyo mtu anayeijua tu maana yake. Kwa hiyo tunaanza hivi: katika onyesho la kwanza Ambokile, ambaye ndiyo siku yake ya kwanza kuvaa suti mpya, anaifunga kinyume, na msaidizi anamfungua na kumfunga upya huku akimuuliza kama anataka wamzike kabla ya chakula cha mchana. Watoto watacheka. Kichekesho kimepatikana, na aliyekitoa ni mwizi mwenyewe.

Kupiga magoti kunaonekana katika safu ya asubuhi, kisha usiku kwenye sanduku, kisha pale Tusekile anapotoa amri. Kocha wa klabu pinzani anabaki mshukiwa mpaka dakika ya mwisho, kwa kuwa naye anainama mlangoni na anaujua ufungaji wa nguo. Kinachomwokoa ni goti lake la kushoto kutangulia. Nyuzi nyeupe zimekuwa kazi ya Ambokile, na anaziokota kwenye mkeka wa chumba cha msaidizi alipotumwa kupeleka chai. Tumebishana kidogo kuhusu iwapo mkanda urudishwe sandukuni au abaki nao msaidizi, na wengi wameona kwamba mjane wa marehemu ndiye aamue, jambo ambalo halikuwepo kabisa katika rasimu ya kwanza na limetulazimu kumchora mjane.

Sensei, michoro ya ile safu tutakutumia kabla hatujaitia rangi, ili uyakague magoti.